Sumu, Nasibu na Kudra: Chimbuko la Usugu wa Bakteria

Bakteria milioni mia moja wakimwagiwa dawa ya kuwaua, karibu wote hufa, lakini mara nyingi husalia wachache, na kizazi kinachotokana na hao wachache huendelea kuishi ndani ya dawa ile ile bila kudhurika. Jambo hili limejulikana tangu viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria au kuwazuia wasizaliane, vilipoanza kutumika kwa wingi hospitalini katika miaka ya 1940, na maelezo yanayowajia watu wengi kwanza ni kwamba bakteria wameizoea dawa. Maelezo hayo yamebeba ndani yake, bila wasemaji kukusudia, fundisho zima la falsafa: kwamba kiumbe akibanwa na haja, haja yenyewe humzalia uwezo wa kujikwamua. Maelezo yanayoshindana nayo ni makavu zaidi, kwani yanasema kwamba wale wachache walikuwa na uwezo huo kabla dawa haijawafikia, kwamba waliupata pasipo kuuhitaji, na kwamba kazi ya dawa ilikuwa kuwaondoa wengine wote ili wao waonekane. Kuamua ipi kati ya kauli hizi mbili ni ya kweli ni kazi ya maabara, lakini nyuma ya kazi hiyo limesimama suala ambalo wanatheolojia na wanafalsafa wamelijadili kwa zaidi ya miaka elfu mbili, nalo ni iwapo ulimwengu huitikia haja za viumbe waliomo.

Kipimo cha kawaida cha hospitali, kwa ustadi wake wote, hakitoshi kuliamua jambo hili. Mgonjwa anapoambiwa kwamba mkojo au usaha wake umeoteshwa, maana yake ni kwamba bakteria waliomo wamekuzwa juu ya agari, ambayo ni rojo lililotengenezwa kwa mwani na kuachwa ligande katika sahani, hadi wakafanya makoloni, yaani vidoto vinavyoonekana kwa macho, kila kimoja kikiwa ni ukoo wa bakteria mmoja. Mtaalamu huchukua makoloni machache, huyakoroga katika maji ya chumvi mpaka maji yapate ukungu wa kiwango kilichokubaliwa, huyapaka kwa kijiti cha pamba juu ya sahani nyingine yenye agari ya kina cha milimita 4, kisha hupanga juu yake vijiduara vya karatasi vyenye dawa, kwa mfano mikrogramu 5 za siprofloksasini. Baada ya saa 16 hadi 18 katika joto la nyuzi 35, uso wote huwa umefunikwa na utando wa bakteria, isipokuwa kandokando ya karatasi zile ambazo dawa yake imewaweza, ambako hubaki duara tupu, na kipenyo cha duara hilo hupimwa kwa rula na kulinganishwa na jedwali. Utaratibu huu, uliosanifiwa na Bauer, Kirby na wenzao mjini Seattle na kuchapishwa mwaka 1966, humwambia daktari dawa ipi aiache na ipi aitumie. Ikumbukwe, kwa kupita tu, kwamba mstari unaotenganisha bakteria sugu na asiye sugu katika jedwali hilo umechorwa na kamati za wataalamu, ambazo husogeza mstari huo ushahidi mpya unapopatikana, hivyo kwamba hata hukumu ya usugu ina mkono wa binadamu ndani yake. Lakini lililo muhimu hapa ni kwamba kipimo kinaonyesha usugu upo, wala hakionyeshi umetoka wapi. Ndani ya duara tupu mara nyingine huota koloni moja pweke, karibu kabisa na karatasi yenye dawa, na hakuna jicho linaloweza kuitazama koloni hiyo na kusema kama mzazi wake alifundishwa na sumu au alifika akiwa tayari amekamilika.

Waliotetea wazo la kufundishwa hawakuwa watu wa kupuuzwa. Jean-Baptiste Lamarck, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1809, alikuwa amefundisha kwamba mahitaji ya mnyama hubadili mazoea yake, mazoea hubadili viungo vyake, na mabadiliko hayo hurithiwa. Na ingawa kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 fundisho hilo lilikuwa limepoteza nguvu miongoni mwa wachunguzi wa mimea na wanyama, lilisalia na ngome yake katika elimu ya bakteria, ambao ni wadogo mno, huzaliana upesi mno, na hawakudhaniwa kuwa na jeni, yaani vipande vya maelezo ya urithi, kama zile za viumbe wakubwa. Mwingereza Cyril Hinshelwood, aliyepata baadaye Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1956, aliandika katika miaka ya 1940 kwamba seli ya bakteria hujipanga upya kikemikali inapokutana na sumu, na akaona usugu kuwa aina ya mazoezi. Katika Umoja wa Kisovieti wazo la jamii hiyo lilipata nguvu za dola mwaka 1948, Trofim Lysenko alipofanikiwa kuifanya elimu ya jeni ipigwe marufuku. Lakini huko siasa ilisema zaidi kuliko ushahidi.

Jibu lilipatikana mwaka 1943 kwa njia ya hesabu. Salvador Luria, Myahudi mzaliwa wa Turin aliyeikimbia Italia ya kifashisti na baadaye Ufaransa iliyovamiwa, alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani, na mwenzake Max Delbrück, mwanafizikia kutoka Ujerumani, alikuwa Nashville. Sumu waliyoitumia haikuwa dawa bali fagi, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria na kuwapasua, na bakteria walikuwa wa aina ya Escherichia coli wanaoishi katika utumbo wa binadamu. Luria alisimulia baadaye kwamba wazo lilimjia katika tafrija ya chuo, alipokuwa akimtazama mwenzake akicheza mashine ya kamari, ambayo hula sarafu mara nyingi bila kurudisha kitu, kisha siku moja hutema donge nono. Hoja yenyewe ni hii. Wachukuliwe bakteria wachache wagawanywe katika neli nyingi, kila neli ikuzwe peke yake mpaka iwe na mamilioni, kisha yaliyomo katika kila neli yamwagwe juu ya sahani yenye fagi na waliosalimika wahesabiwe. Ikiwa usugu huzaliwa kwa kukutana na sumu, basi kila bakteria katika kila neli ana nafasi ndogo iliyo sawa na ya mwenzake, na idadi ya waliosalimika katika sahani mbalimbali itakaribiana. Ikiwa usugu huzaliwa mapema, wakati bakteria wanazaliana kwa amani na sumu haijaonekana, basi neli ambayo badiliko lilitokea mwanzoni itakuwa na ukoo mkubwa wa bakteria sugu, ambayo lilitokea mwishoni itakuwa na wachache, na ambayo halikutokea haitakuwa na hata mmoja.

Katika jaribio mojawapo la neli 20, neli 11 hazikutoa hata koloni moja. Nyingine kadhaa zilitoa moja, tatu, tano au sita. Tatu zikatoa 35, 64 na 107. Wastani ulikuwa zaidi kidogo ya 11, lakini wastani huo hausemi lolote, kwa kuwa karibu kila neli ilikuwa mbali nao. Luria alipochota sampuli kumi kutoka chombo kimoja badala ya neli tofauti, ili ahakikishe kwamba mtawanyiko huo hautokani na uzembe wa kupima, alipata hesabu zilizopishana kati ya 13 na 26 tu. Sahani zilikuwa zile zile na virusi vile vile, na kilichotofautiana kilikuwa historia ya kila neli kabla ya sumu. Mtafiti Milislav Demerec alilirudia jaribio hilo kwa penisilini na bakteria wa usaha, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1945, yalielekea upande ule ule.

Hata hivyo hesabu haimridhishi kila mtu, na wapinzani walitaka kuonyeshwa bakteria sugu ambaye hajawahi kuiona sumu. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg, wakifanya kazi Wisconsin, walimwonyesha bakteria huyo kwa kutumia kipande cha mahameli. Kitambaa kilivishwa kwenye gogo la duara lenye upana wa sahani, sahani yenye bakteria na isiyo na dawa ikapigwa juu yake kama muhuri, vinyweleo vya kitambaa vikabeba bakteria kidogo kutoka kila sehemu, kisha sahani mpya zenye dawa ya streptomisini zikapigwa juu ya kitambaa kile kile, moja baada ya nyingine, bila kugeuza upande. Makoloni sugu yalipoota, yaliota mahali pale pale katika kila nakala. Kwa hiyo wenye kuhusika walikuwa wamekaa mahali hapo katika sahani ya kwanza, sahani isiyo na dawa, na watafiti waliweza kurudi kwenye sahani hiyo, kudonoa pale palipoelekezwa na nakala, kukuza walichokidonoa, na kurudia zoezi hilo mara kadhaa mpaka wakapata ukoo mtupu wa bakteria sugu ambao si wao wala mababu zao waliowahi kukutana na streptomisini.

Kutokana na kazi hizi husemwa kwamba usugu hutokea kwa nasibu, na hapa ndipo mjadala wa falsafa unapoharibika mara nyingi, kwa sababu istilahi hiyo huchukuliwa kuwa na maana asiyoikusudia mwanasayansi. Badiliko la jeni si tukio lisilo na sababu. Ni kosa la kunakili maelezo ya urithi, na kosa hilo lina visababishi vyake vya kikemikali, kama vile joto, mnururisho, au kuteleza kwa kimeng'enya kinachonakili. Kinachokanushwa na jaribio ni uhusiano mmoja tu, ule wa kati ya sababu ya badiliko na faida ya badiliko. Aristotle alilieleza jambo la namna hii katika kitabu cha pili cha Fizikia yake, kwa mfano wa mtu anayekwenda sokoni kwa shughuli zake na kumkuta huko mdeni wake akiwa na fedha mkononi. Safari ya mdai ilikuwa na sababu, na safari ya mdeni ilikuwa na yake. Kisichokuwepo ni safari iliyofanywa kwa ajili ya deni, ijapokuwa deni limelipwa. Bakteria sugu ni mdai huyo. Amekuta fedha sokoni, na mtazamaji anayefika wakati wa malipo hudhani kwamba alikwenda kuzifuata.

Mfaransa Jacques Monod, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1965 kwa uchunguzi wake wa jinsi bakteria wanavyowasha na kuzima jeni zao, aliandika kitabu mwaka 1970 kuhusu nasibu na ulazima, akihitimisha kwamba kwa kuwa mabadiliko ya jeni hayajali faida, binadamu anapaswa kukubali kuwa yuko peke yake katika ulimwengu usiomjua. Hitimisho hilo limebeba zaidi ya mzigo wa ushahidi wake. Neli za Luria zinaonyesha kwamba haja ya bakteria haikuwa sababu ya badiliko lake, lakini haziwezi kuonyesha kwamba hakuna Mwenye kukusudia nyuma ya safari zote mbili, ile ya mdai na ile ya mdeni, kwa kuwa kusudi la namna hiyo, kama lipo, halingejitokeza katika mtawanyiko wa hesabu za sahani. Thomas Aquinas, katika kitabu cha tatu cha Summa contra Gentiles, alikuwa amekwisha kutetea katika karne ya 13 kwamba maongozi ya Mungu hayafuti kuwepo kwa matukio ya bahati, maana yeye aliyeumba sababu za lazima ameumba pia sababu zinazokutana pasipo kupangwa na viumbe. Abu Hamid al-Ghazali, ambaye mafundisho yake yamesomwa kwa karne nyingi na wanazuoni wa Kishafii, wakiwemo wa pwani ya Afrika Mashariki, alikwenda mbali zaidi: katika Tahafut al-Falasifa, kitabu cha mwishoni mwa karne ya 11, alikanusha kwamba moto una ulazima wowote wa kuunguza pamba, akisema kuwa kinachoonekana ni kuungua kunakofuatana na moto, na kwamba mtendaji ni Mungu. Kwa mtazamo huo, badiliko la jeni ndani ya neli halina upungufu wa kudra kuliko kuchomoza kwa jua. Yote mawili ni matendo, na tofauti ni kwamba binadamu anaweza kulitabiri moja na hawezi kulitabiri jingine.

Lakini itakuwa ni udanganyifu kusema kwamba imani inatoka katika maabara hii bila kuguswa. Kuna taswira moja ya dini, yenye kufariji na yenye wafuasi wengi, inayoona kila kiumbe akipewa anachokihitaji pale anapokihitaji, na taswira hiyo haiwezi kupatanishwa na sahani za Lederberg. Mabadiliko mengi ya jeni humdhuru anayeyapata au hayamfai kitu, na yale yanayomkinga na streptomisini mara nyingi humfanya akue polepole kuliko ndugu zake. Wapo hata waliogeuka kiasi cha kushindwa kuishi pasipo streptomisini, yaani walioipata kinga na kuwa watumwa wa sumu ile ile. Kama huu ni ugawaji wa riziki, si ugawaji unaosubiri maombi. Mwanatheolojia makini hana budi kukubali kwamba kudra, ikiwa ndiyo inayotenda hapa, hutenda kwa kanuni ya jumla isiyomtazama bakteria mmoja mmoja, na kwamba anayetafuta dalili za huruma atalazimika kuzitafuta penginepo kuliko katika jeni za vijidudu.

Mwaka 1988 ilionekana kwa muda kwamba hukumu ya majaribio hayo ingebatilishwa. John Cairns na wenzake walieleza, katika jarida la Nature, kwamba bakteria wasioweza kutumia sukari ya maziwa, wakiwekwa mahali pasipo na chakula kingine, hupata badiliko la kuwawezesha kuitumia kwa namna iliyoonekana kana kwamba njaa ndiyo iliyoliita. Mabishano yalikuwa makali, na kwa takriban miaka kumi iliyofuata uchunguzi wa wengine ulionyesha kwamba bakteria wenye njaa walikuwa wakipata pia mabadiliko katika jeni zisizohusiana kabisa na sukari hiyo, ila waliopata yasiyofaa hawakuota na hivyo hawakuhesabiwa. Leo inafahamika kwamba dhiki inaweza kweli kuongeza kasi ya makosa ya kunakili. Siprofloksasini, kwa kuwa husababisha nyuzi za urithi zenyewe kukatika, huamsha ndani ya bakteria utaratibu wa dharura unaorekebisha nyuzi hizo kwa haraka na kwa uzembe. Hapo sumu huchochea mabadiliko bila kuyaelekeza: huongeza idadi ya tiketi za kamari, na tiketi zenyewe zinabaki vipofu kama zamani. Hili ni sahihisho la kweli kwa Luria, naye asingelichukia, ila si ushindi wa Lamarck.

Vilevile si kila anayesalimika ni sugu. Joseph Bigger wa Dublin aliripoti mwaka 1944 kwamba penisilini huacha bakteria wachache mno wakiwa hai, lakini watoto wa hao hufa kwa penisilini kama kawaida, maana wazazi wao walipona kwa kuwa walikuwa wamelala, nayo dawa hiyo huua wanaokua tu. Na si kila aliye sugu amegeuka mwenyewe, kwani bakteria hupeana jeni za usugu kwa plasmidi, ambazo ni vipete vidogo vya urithi vinavyohamishika kutoka seli moja hadi nyingine. Jeni hizo ni za kale kupita kiasi: zimepatikana katika udongo ulioganda kwa miaka 30,000 huko Yukon nchini Kanada, na bakteria sugu kwa dawa nyingi wamepatikana katika pango la Lechuguilla, New Mexico, katika sehemu zilizotengwa na uso wa dunia kwa zaidi ya miaka milioni 4. Plasmidi moja inaweza kubeba kinga ya zebaki pamoja na kinga ya viuavijasumu, kwa hiyo zebaki ikimwagika katika maji, kama inavyotokea katika machimbo madogo ya dhahabu, inaweza kuwachagua bakteria sugu kwa dawa ambazo hakuna aliyezimeza.

Suala la wajibu linabadilika kutokana na hayo. Ingekuwa dawa ndiyo inayoumba usugu, anayeuza kiuavijasumu dukani bila cheti cha daktari angekuwa mtengenezaji wa jambo ambalo halikuwepo. Yeye hatengenezi, anachagua. Kuna wanaopata faraja katika tofauti hiyo, lakini faraja hiyo haina msingi, kwa sababu badiliko lenyewe halina wa kulaumiwa, ilhali kuchagua ni tendo la mwenye akili anayeweza kujizuia. Vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria vilikadiriwa kufikia milioni 1.27 duniani kote mwaka 2019, na sehemu ya vifo hivyo iliyo juu ya uwezo wa binadamu ni lile kosa la kunakili tu; mengine yote, kuanzia dozi inayokatishwa hadi dawa inayotiwa katika chakula cha kuku ili wanenepe, yamo mikononi mwake.

Tiba ya kifua kikuu ndiyo mahali ambapo falsafa hii imegeuka kuwa vidonge. Streptomisini ilipojaribiwa peke yake Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1948, wagonjwa walipata nafuu upesi, kisha wengi wao wakawa na bakteria sugu. Sababu yake inahesabika: kwa makadirio ya kawaida, bakteria mmoja katika milioni moja hustahimili dawa ya isoniazidi na mmoja katika milioni 100 hustahimili rifampisini, na tundu moja katika pafu linaweza kuwa na bakteria milioni 100 au zaidi, hivyo aliye sugu kwa dawa moja karibu daima yumo. Lakini kama mabadiliko hayo mawili hayajuani, aliye sugu kwa dawa zote mbili ni mmoja katika trilioni 100, na mgonjwa hana bakteria wengi kiasi hicho. Majaribio yaliyoanza mwaka 1970 katika hospitali za Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, chini ya mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza, yalionyesha kwamba mchanganyiko wenye rifampisini au pirazinamidi unaweza kuponya kwa miezi 6 ugonjwa uliokuwa ukitibiwa kwa miezi 18, na hadi leo mgonjwa ambaye bakteria wake si sugu kwa kawaida hupewa dawa nne kwa miezi miwili na mbili kwa miezi minne inayofuata. Hesabu inayolinda mchanganyiko huo ina sharti moja la msingi, kwamba bakteria hapati badiliko kwa kuwa analihitaji. Kama haja ingekuwa na nguvu ya kuzaa uwezo, dawa nne zingeshindwa kama ilivyoshindwa moja.